Mpimaji wa Umeme Ambao Haupo

"Hivi kweli mtu analipwa mshahara kwa kupima umeme ambao haupo?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, fundi cherehani, siku moja nilipompelekea sare yangu ya kazi aipunguze kiuno. Alikuwa amebana pini mdomoni, kwa hiyo swali lilimtokea upande mmoja wa midomo, lakini nililisikia vizuri. Alikuwa anamsema mtoto wa kaka yangu, binti niliyemlea mimi.

"Analipwa," nikamjibu.

"Basi na mimi nitakushonea gauni ambalo halipo, unilipe leo leo."

Tulicheka. Kisha nikamweleza kadiri nilivyoelewa, na sikuwa nimeelewa mengi, maana masomo yangu yaliishia shule ya msingi. Nikamwambia, wewe kabla ya kukata kitambaa si unachora kwa chaki? Chaki ikikosea unafuta. Mkasi ukikosea umeharibu mali ya watu. Basi binti naye anachora saketi ndani ya kompyuta, yaani njia zote ambazo umeme utapita ndani ya kifaa, halafu kuna programu inayouigiza huo umeme ukipita. Kitu kikiungua, kimeungua kwenye kioo tu. Hakuna moshi.

Jirani akatoa pini mdomoni. "Na kitambaa kikivutika? Maana chaki haijui kuvutika."

Nikaacha sare yangu nikaenda zangu.

Binti huyu alikuja kwangu meno ya utoto yakimtoka. Mama yake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na kaka yangu ni dereva wa malori, mtu wa njia, leo yuko hapa kesho humjui alipolala. Aliniambia, "Dada, mtoto ni wako." Mimi sikujaliwa kuzaa, nikampokea kama jibu la sala.

Alikuwa mtoto wa kuhakikisha. Umwambie uji umepoa, atatia kidole kwanza. Umwambie betri ya redio imekwisha, ataigusisha ulimi akunje uso, aseme, "Haijaisha, Shangazi, bado inauma." Watoto wa mtaa wakamwita Pimakwanza, na jina likamganda mpaka akalizoea kuliko lile la kuzaliwa. Mara moja alipima pasi kwa kiganja. Nilimfunga kitambaa huku nalia mimi, yeye ananiuliza kwa nini chuma kinakaa na moto muda mrefu kuliko kijiko.

Alisoma ufundi wa umeme, akaajiriwa kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya hospitali. Mwenye karakana ni mzee mmoja mwenye kelele nyingi na roho laini, aliyempenda kama mwanawe. Kazi ya Pimakwanza ilikuwa kujaribu kila saketi kwenye kompyuta kabla mafundi hawajaanza kulehemu. Na kwa kuwa alikuwa haamini mdomo mmoja, alitumia programu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya bure, iliyoandikwa kabla yeye hajazaliwa. Hiyo aliiita Bibi. Ya pili ilinunuliwa, ina rangi na madoido, nayo akaiita Bi Harusi.

"Bibi ana gubu," alikuwa akinisimulia tukichambua mboga. "Ukimchorea saketi asiyoipenda anagoma katikati, anakwambia hesabu hazikutani, basi. Bi Harusi hagomi. Hata ukimuuliza upuuzi atakujibu kwa tabasamu."

"Sasa unamwamini nani?"

"Nawauliza wote wawili swali lilelile. Wakikubaliana, nalala."

Mimi ni mhudumu kwenye wodi ya watoto wachanga, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Napiga deki, nabadilisha mashuka, nawapelekea kina mama maji ya moto. Watoto wa pale ni wadogo, mwingine unamshika kama kifaranga cha kuku, na joto lao wenyewe halitoshi. Vitanda vyetu vya zamani vya joto vilipokufa, karakana ile ndiyo iliyotengeneza vipya. Ni sanduku la kioo, chini yake hita, ndani yake sensa inayopima joto na kuiambia hita ipumzike. Bibi na Bi Harusi waliulizwa, wakakubaliana. Mafundi wakatengeneza kimoja, kikawashwa karakanani, kikakaa vizuri. Pimakwanza akatia saini, vitanda vikaja wodini kwetu, vingine vikapelekwa hospitali nyingine, za karibu na za mbali. Nilimshukuru Mungu kila nilipopangusa vile vioo. Nilijiona kama nimechangia mimi.

Baada ya hapo akapata kazi chuoni. Huko walimpa kulinganisha programu za aina nyingine, zinazoigiza kompyuta za kwanta. Nilimwomba anieleze, akajaribu. Kompyuta ya kawaida, alisema, ni kama swichi, ama imewashwa ama imezimwa. Ile ya kwanta inaweza kushika yote mawili pamoja mpaka utakapoiangalia, ndipo inachagua.

"Kama wewe mbele ya nguo mbili," nikamwambia.

Alicheka. "Ila hiyo mashine hatuna, Shangazi. Zilizopo ziko mbali, zimefungiwa kwenye baridi ambayo hakuna friji ya nyumbani iliyowahi kuifikia. Sisi tunaiigiza kwenye kompyuta za kawaida."

"Ngoja nielewe. Kwanza ulikuwa unapima umeme ambao haupo. Sasa unapima mashine ambayo haipo?"

"Ndiyo hapo. Angalau saketi mwisho wa siku niliweza kuigusa. Huku naambiwa tu niamini."

"Kuamini si kubaya, mwanangu."

"Si kubaya. Ila mtu akiamini, si bado anatakiwa kujua ameamini nini?"

Neno hilo nililichukua nikaenda nalo kwenye sala zangu, maana halikuwa neno la kejeli.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kazi, mchana, na upepo ulikuwa unapiga mabati tangu asubuhi. Yaliyotokea chuoni alinisimulia baadaye. Alikuwa ameweka majibu ya programu zake mbili za kwanta pamoja, yanalingana mpaka tarakimu ya mwisho. Akafurahi, akamwita mwalimu mwenzake aje aone. Mwenzake akaangalia, akaguna.

"Zitaachaje kulingana? Zote mbili zinaanza kila kitu kikiwa sufuri, kimya, kimetulia. Mashine yenyewe haiamki hivyo. Inaamka na mang'amung'amu kama mimi kabla ya chai. Umewahi kuziuliza ikiamka vibaya inakuwaje?"

Alisema mzaha. Lakini Pimakwanza aliyafunga yale majibu. Hakuwaza kwanta tena. Aliwaza Bibi na Bi Harusi. Nao, kabla ya kuanza kuigiza chochote, kwanza huituliza saketi. Huihesabu kana kwamba umeme umekuwepo tangu jana, kila kitu kimekaa mahali pake, ndipo waanze. Aliwauliza joto litapandaje, wakajibu. Aliwauliza mtoto akifunuliwa itakuwaje, wakajibu. Hakuwauliza hata mara moja: umeme ukikatika, ukarudi kwa kusuasua, mnaamkaje? Alikuwa na mashahidi wawili, lakini wote wawili waliingia chumbani baada ya tukio.

Akafungua saketi ya kitanda. Safari hii akamwambia Bi Harusi asiitulize, aanze na umeme ukija nusu kisha ukipanda. Mstari wa joto ukapanda, ukapita mahali pa kusimama, ukaendelea. Akamuuliza Bibi. Bibi akagoma katikati.

Hakusubiri Bibi atulie. Alinipigia simu akiwa tayari yuko barabarani.

"Umeme upo hapo wodini?" Hakuniamkia. Mtoto huyu hajawahi kunisemesha bila kuniamkia.

"Umekatika sasa hivi. Kwani nini?"

"Vitanda vya joto vina watoto?"

"Vyote."

"Shangazi, chomoa plagi zake. Zote. Kabla umeme haujarudi."

Plagi ya kitanda cha mtoto si yangu kugusa. Nikaenda kwa Sista mkuu wa wodi, mwanamke mrefu asiyependa kuambiwa neno mara mbili, nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Mtoto wa kaka yangu, aliyevipima."

"Aliyevipima ndiye aliyetuambia ni salama. Saini yake tunayo. Leo kaota nini?"

Nikaweka simu sauti ya nje. Kulikuwa na upepo na honi, na binti anahema.

"Sista, ni mimi. Nilikosea. Naomba uchomoe vitanda."

"Una hakika?"

"Sina hakika. Ila siwezi kusema tena kwamba ni salama."

"Huna hakika!" Sista akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyesema. "Mdogo wangu, umeme hapa unakatika kila leo, na vitanda vinaamka vizuri. Nikichomoa, ukarudi sasa hivi, nimewapoza watoto kwa ndoto yako. Unajua watoto hawa wanapoa kwa haraka gani?"

"Najua. Wawekwe vifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Sista, umeme ukirudi dhaifu kisha ukapanda, kitanda kinaweza kudhani mtoto ana baridi. Hita itashikilia. Haitapumzika."

"Kuna kengele ya joto kuzidi."

Honi ikapita upande wa binti. "Kengele inasikiliza sensa ileile, palepale penye kosa. Haitalia."

Taa ya korido ikawaka, nyekundu kama chungwa bovu, ikazima.

Sista aliiangalia ile taa. "Chomoa," akasema, na mikono yake tayari ilikuwa inafungua kioo cha kwanza.

Nikachomoa ya kwanza, nikachomoa ya pili. Ya tatu, ya mwisho, ilikuwa nyuma ya kabati la dawa, nikalala kifudifudi na sare yangu, mkono haufiki. Taa ikawaka tena, ileile nyekundu, na safari hii haikuzima. Ikaanza kupanda taratibu. Juu yangu nikasikia kitanda kimelia mlio mdogo, mlio wake wa kuamka. Nikasema, Ee Mungu, urefushe mkono huu. Sijui kama ulirefuka au kabati lilisogea. Nikaivuta ile plagi na waya nusura ung'oke.

Nilipoinuka, vumbi usoni, Sista alikuwa ameshika watoto wawili, mmoja kila mkono, na mama wa pacha hao amesimama mlangoni.

"Mnaninyang'anya kitanda au mnanipa watoto?"

"Tunakupa watoto, mama. Vua blauzi."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Leteni. Kifua kipo, kama ni hicho tu mnachotafuta."

Mtu alicheka, nadhani ni mimi. Kina mama walikaa kwenye mkeka wakiwafunga watoto wao kifuani kwa kanga na mablanketi, na Sista akapita akiwapima mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amepoa. Hakuna aliyekuwa ameungua. Umeme sasa ulikuwa umerudi kamili, taa nyeupe, kila kitu kinang'aa, na vitanda vimekaa vitupu, plagi chini. Sista alinitazama. Macho yake yaliuliza: na kama tumewatia watu wazima hofu bure?

Pimakwanza alifika nywele zimejaa vumbi. Nyuma yake akaja Mzee wa Karakana, maana binti alikuwa amempigia simu naye pia, amekumbatia transfoma nzito ya kuzungusha kwa mkono, ya kupandisha na kushusha umeme. Alikuwa amekasirika, na akikasirika huongea kwa utani.

"Pimakwanza! Umehamia kwenye mashine za mizimu, sasa unaniletea mizimu yako hospitalini?"

"Tujaribu, Mzee. Nikiwa nimekosea utanicheka hapa hapa mbele ya watu."

"Nitacheka mpaka kesho."

Walikisukuma kitanda kimoja hadi chumba cha stoo. Sista akajaza maji ya vuguvugu kwenye mfuko, akaufunga kitambaa kama mtoto, akauweka ndani na kipimajoto pembeni. Wakaunganisha kwenye ile transfoma. Wakazima, wakawasha. Kitanda kikalia, hita ikapasha, ikapumzika. Wakarudia. Ikapumzika. Mzee akafungua mikono kama mtu anayekaribisha wageni.

"Kiko salama kama kitanda cha mama yako."

Binti alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na kile kioo. "Umewasha kwa nguvu moja. Umeme wa hapa haurudi hivyo. Zungusha polepole. Fika nusu, usimame, ndipo umalizie."

Mzee akazungusha. Taa ya kitanda ikawaka hafifu. Akasimama. Akamalizia. Kitanda kikalia mlio wake. Hita ikapasha. Ikapumzika.

"Haya?" akasema Mzee. Lakini sauti yake haikuwa na kicheko, maana alikuwa anauona uso wa yule binti.

"Tena. Usisimame muda mrefu hivyo."

Sijui walirudia mara ngapi. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio ambao sikuutumia. Niliona aibu kwa ajili yake, nikaomba awe amekosea, kisha nikaogopa kuomba hivyo, kisha nikaacha maneno nikabaki namtazama Mungu tu. Sista aliangalia saa yake, akasema anatakiwa wodini. Akageuka kuondoka.

Ndipo kitanda kikaamka bila kulia.

Hakikutoa mlio wowote. Taa ya kijani ikawaka kama kawaida, nzuri, tulivu. Hita ikapasha. Tukasubiri ipumzike. Haikupumzika. Kipimajoto kikapanda, kikafika pale panapotakiwa, kikapita. Kengele kimya. Kioo kikaanza kufanya jasho kwa ndani. Ikatoka harufu ya plastiki inayopata moto, na kile kitambaa tulichokifunga kama mtoto kikaanza kujikunja ncha. Taa ya kijani bado inawaka.

Sista ndiye aliyeng'oa waya. Alisimama ameushika, mkono mwingine mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Karakana alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akavua kofia. "Tuliwauliza wote wawili," akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya kaburi. "Bibi na Bi Harusi. Walikubaliana."

"Walikubaliana kwa sababu niliwauliza swali moja," binti akasema.

"Tiba yake ni ndogo," akasema Mzee. "Kifaa kimoja kidogo cha kuishika hita mpaka saketi iamke sawasawa. Nitalehemu kwa mkono wangu."

"Ndiyo. Na vile vilivyokwenda kwingine?"

Mzee akaikunja kofia yake mkononi. Alipoongea, aliongea taratibu, kama baba. "Sikiliza, mwanangu. Nitawatuma vijana wapite hospitali moja moja. Tutasema ni matengenezo ya kawaida. Ndani ya siku chache vyote vimekaa sawa, na hakuna aliyetiwa hofu. Ukipiga kelele leo, jina la karakana limekwisha. Na wewe? Huko chuoni bado wanakujaribu. Watauliza, huyu tuliyemwajiri kulinganisha programu, ndiye aliyeshindwa kulinganisha? Nakuonea huruma mimi. Siku chache tu."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka msomaji aelewe hivyo. Alikuwa anaogopa kama sisi.

Binti aliinuka, akajipangusa magoti. Nilimjua, nilijua anavyonyamaza anapoogopa. Huuma ndani ya shavu. Alikuwa anauma shavu. Nilitamani nimwambie, mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike, wakubwa watalimaliza. Nikashindwa kulisema. Nje upepo ulipiga mabati kwa nguvu, na taa ya stoo ikafifia, ikasimama nusu, ikarudi. Wote wanne tuliinua macho. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiria wodi asiyoijua, kitanda chenye taa nzuri ya kijani, na mtu amepita mbele yake bila kugeuka.

Binti hakumtazama Mzee. Hakunitazama mimi. Alimgeukia Sista, ambaye bado alikuwa ameshika ule waya.

"Sista, naomba simu ya wodi na namba za hospitali zote zilizopewa vitanda hivi. Nataka niwaambie mimi mwenyewe, sasa hivi, wawatoe watoto."